Doa Lililokaa Mapajani mwa Mama

Kijana wa studio pale Kayanga alinigeuzia kompyuta yake, akanionyesha mwanamke nisiyemjua, kisha akaniuliza kama nimefurahi.

"Unaona alivyong'aa?" alisema. "Ilikuwa kazi, dada. Hii picha ilikuwa imeoza kabisa."

Mwanamke yule alikuwa amefunga kitambaa cha kichwa cha mama yangu na amekaa kwenye kiti chetu, mbele ya mlango wetu. Shavu lake la kushoto, ambalo kwenye picha yetu halipo, lilikuwa limeota upya, laini kama ganda la yai. Mashavu yote mawili yalilingana kama yaliyopimwa kwa rula. Mapajani alikuwa amepakata mtoto mnene mwenye nywele za mawimbi, anayecheka na kamera. Mtoto yule hajawahi kuzaliwa nyumbani kwetu.

Mdogo wangu wa kike, aliyekuwa anajiandaa kuolewa, alisimama kando yangu ameziba mdomo kwa viganja. Nilidhani anazuia kicheko. Alikuwa analia.

"Dada," alisema. "Ndiyo mimi?"

Nilimwomba kijana anirudishie picha yetu ya karatasi, nikaitia katikati ya daftari tupu nililokuja nalo ili isikunjike, nikatoka nje. Pikipiki zilikuwa zinapiga honi stendi, mwanamke mmoja ananadi parachichi, na mimi nimesimama pale nina hasira, sijui hata nimkasirikie nani.

Picha yenyewe ilipigwa kwetu Ndama, wakati wa kuvuna kahawa. Enzi hizo wapiga picha wa kutoka Bukoba walikuwa wakizunguka vijijini msimu huo, kwa sababu ndio wakati watu wa Karagwe huwa na kitu mfukoni. Huyu alikuwa na kamera ya papo hapo, ile inayotema picha yenyewe kwa mbele kama ulimi. Baba alikuwa ameshafariki. Mama akaamua tupigwe, akaoga, akavaa vazi lake la kanisani, akatoa kiti nje. Mimi nilisimama kushoto kwake. Mdogo wangu wa kiume alisimama kulia, na kwenye picha ndiye aliyetoka vizuri kuliko sote, masikio na vifungo vyote, jambo ambalo hajaacha kutukumbusha mpaka leo. Mdogo wetu wa mwisho, huyu anayeolewa, alikuwa mapajani, bado ananyonya. Mpiga picha alipobonyeza, mtoto akajirusha kutafuta titi. Kwa hiyo kwenye picha yeye ni wimbi jeupe tu. Hana uso. Ni kama mtu amemwaga maziwa mapajani mwa mama.

Hilo ni kosa la kwanza. La pili alilifanya shangazi.

Mpiga picha alitukabidhi picha ikiwa bado ya kijivu, haina kitu, akasema tungoje ikauke, akaenda zake nyumba ya pili. Shangazi akafanya ambacho mtu yeyote wa kwetu angefanya na kitu kibichi msimu wa kahawa. Aliianika. Aliilaza kwenye mkeka katikati ya kahawa mbivu, jua la saa saba, na ili upepo usiichukue akaiwekea kahawa juu yake, punje kadhaa upande mmoja. Tulipoenda kuitazama, upande ule ulikuwa umegeuka manjano kama jani la mgomba linalokauka, na kila punje ilipokandamiza, dawa ya picha haikupita, pakabaki vidoa vya mviringo vilivyopauka. Vidoa hivyo viliangukia shavu la kushoto la mama na nusu ya jicho lake.

"Sasa mimi ningejuaje?" shangazi husema kila habari hii ikitajwa, na hutajwa kila Krismasi. "Alisema ikauke. Kahawa inaanikwa, mihogo inaanikwa, nguo zinaanikwa. Picha ina ukoo gani wa kifalme usioanikwa?"

Mama siku ile alicheka mpaka akakaa chini. Alisema kahawa nayo ilitaka kupigwa picha, tuiachie nafasi. Picha ikawekwa ndani ya Biblia. Msimu wa kahawa uliofuata mama hakuwepo.

Mimi nilikuwa nimeanza kidato cha kwanza. Nilirudi nyumbani siku ya mazishi na sikwenda tena shule. Hakuna aliyenikataza kwenda na hakuna aliyeniambia nibaki. Asubuhi mtoto alilia, nikaamka kumpikia uji, basi. Sina maneno mengi juu ya miaka hiyo. Tulipalilia migomba, tulivuna kahawa, wakakua. Mdogo wangu wa kiume sasa ni fundi ujenzi, anajenga mpaka huko Kyerwa. Wa mwisho amesomea ualimu, na huko Kyerwa, Nkwenda, ndiko alikopata mchumba.

Kamera yangu niliipata mnadani, kwenye rundo la mitumba ya vyombo vya umeme. Muuzaji alidhani ni redio ya aina fulani. Mimi niliitambua mara moja, kwa sababu ya ule mdomo wake wa mbele. Ni kamera nzito, nyeusi, imechubuka, na karatasi zake naletewa na mama mmoja mfanyabiashara anayevuka mpaka wa Murongo kwenda Kampala na kurudi. Huniletea pakiti moja akikumbuka, na mara nyingi zimepitwa na wakati. Picha zinatoka na pembe zilizopauka. Kigurudumu kimoja ndani kina kovu, kwa hiyo kila picha ninayopiga ina mstari mwembamba unaopita juu hadi chini. Nimejaribu kukisafisha mpaka nimekata tamaa.

Nimeshajifunza tabia zake. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya kwetu inapokuwa bado imelala kwenye migomba, picha hutoka za bluu, watu wanaonekana kama wamezama majini. Hapo inabidi niiweke kwapani upesi ili ipate joto la mwili, kama mtu anayeatamia yai. Mchana picha hutoka za njano. Baada ya mvua hutoka nyeusi upande wa chini, sijui kwa nini. Kwa hiyo kila picha imebeba saa yake na hewa yake, na huwezi kuirudia. Nikipiga mgomba uliochanwa na mvua ya mawe, mstari ule wa kigurudumu hupita katikati yake, na mgomba unaonekana umechanwa mara mbili. Sikupanga. Lakini nikiitazama naona ukweli ambao mimi peke yangu nisingeweza kuutunga.

Mwalimu mmoja wa sanaa kutoka Bukoba aliziona kwa bahati, akaniomba baadhi, akazitundika ukutani kwenye maonyesho madogo ya wanafunzi wake. Nilipanda basi kwenda kuziona. Nilijikalia kwenye benchi nyuma ya watu kama mgeni. Bwana mmoja mwenye suti alisogea karibu na picha ya mlango wetu wa jikoni, akaitazama, akamuuliza mwenzake, "Hizi zilinusurika moto?" Mwenzake akasema, "Nadhani ndiyo sanaa yenyewe." Wakacheka kidogo, lakini hawakuondoka. Walisimama pale muda mrefu kuliko walivyosimama kwenye zile zilizochorwa vizuri. Nilirudi Karagwe nikiwa na furaha ambayo sikuwa na wa kumweleza. Shangazi nilipomwambia aliuliza tu, "Walikulisha?"

Ndiyo maana jambo la studio liliniuma. Mimi ninayejua picha yenye kasoro ni kitu gani, nyumba yangu mwenyewe ndiyo iliyoamua picha ya mama isuguliwe.

Kwetu siku hizi, kwenye sendofu ya kumuaga binti ambaye wazazi wake wamefariki, huwekwa kiti mbele, kinapambwa kwa kitambaa na maua, na juu yake picha ya mzazi kwenye fremu kubwa. Bibi harusi huletwa kupiga magoti mbele ya kiti hicho, anasalimia, anaaga. Kisha ndugu wote wanapita kusalimia. Wakwe wanakuwa wamekaa wanatazama. Mdogo wangu alikuwa amehudhuria sendofu nyingi za namna hiyo, na kila mara alirudi kimya. Picha ya baba hatuna hata moja. Ya mama ni hii.

Tuligombana jikoni tukimenya ndizi. Alikuwa amekuja na picha mpya, kubwa, ameifungua karatasi yake na kuiegemeza ukutani kwa uangalifu kama mtu mgonjwa.

"Huyu siye mama," nilimwambia.

"Basi niambie mama ni yupi."

"Ni yule wa kwenye Biblia."

"Yule hana uso, Dada."

"Ana nusu. Hiyo nusu ni yake kweli. Huyu wamechukua shavu la kulia wakaligeuza. Mama alikuwa na shavu la kushoto la kwake. Jicho la kushoto lilikuwa dogo kidogo. Na huyo mtoto! Huyo mtoto wamemtoa wapi? Wewe ulizaliwa mwembamba kama mpini."

Hakucheka. Aliendelea kumenya, utomvu wa ndizi umevitia weusi vidole vyake.

"Yale mambo yako ya Bukoba nayajua," alisema. "Najua kwamba picha ikiharibika wewe ndipo unaipenda. Umenifundisha tangu nikiwa mdogo: tazama, hili wimbi ni wewe, ulikuwa unataka kunyonya. Na mimi nikawa natazama. Darasani watoto wakiulizwa kama wana picha za utotoni, mimi nasema ninayo, ila ndani yake mimi ni doa."

"Ni doa zuri."

"Kwako wewe." Aliweka kisu chini. "Wewe unapenda kasoro kwa sababu ulikuwepo. Ukiangalia vile vidoa vya kahawa, unamwona mama nyuma yake, unamsikia anacheka. Mimi nikiangalia naona vidoa. Sina mama mwingine wa kuweka nyuma yake. Huyu wa studio labda ni wa uongo, lakini ananitazama. Na kuna mtoto amepakatwa. Nataka wakwe zangu waone kwamba nilipakatwa."

Nilitaka kusema mengi. Nilitaka kusema kwamba picha ya kwanza ndiyo inayothibitisha kwamba alipakatwa, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kubuni mtoto anayejirusha vile. Kwamba yule mnene anayecheka angeweza kuwekwa mapajani mwa mwanamke yeyote, Dar es Salaam au Ulaya. Nilitaka kumwambia kwamba tangu nitoke studio nimeanza kuogopa. Usiku uliopita nilipofumba macho nimkumbuke mama, alikuja yule mwenye mashavu mawili. Nimemtunza mama kichwani mwangu miaka yote hii bila msaada wa mtu, na mashine imemsogeza kando kwa mchana mmoja.

Badala yake nilisema, "Ndizi zinaungua," na hazikuwa hata motoni.

Shangazi alikuwa amekaa mlangoni anapepeta maharage, amesikia yote. "Waitu, jamani," alisema, "mnagombania uso wa mtu mliyemzika. Mimi ndiye niliyemwanika, nigombezeni mimi."

"Shangazi, wewe unaonaje?" mdogo wangu aliuliza. "Huyu si anafanana naye?"

Shangazi aliinuka, akaisogelea ile picha kubwa, akainama mpaka pua ikakaribia kuigusa.

"Anafanana," alisema. "Anafanana na mtu ambaye hajawahi kulima."

Mdogo wangu wa kiume, yule fundi, alipokuja jioni kutoka kazini, tulimpa aamue. Alizitazama zote mbili, akakuna kichwa kilichojaa vumbi la saruji. "Mimi kwenye hii mpya masikio yangu yamepunguzwa," alisema. "Hilo ndilo naona." Kisha akanivuta nje, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwachie. Ni siku yake."

Nilimwachia. Sikumwachia kwa moyo mweupe, naomba nisieleweke vibaya. Nilimwachia kama unavyoliachia gogo unapoona wenzako wote wameshaliachia na litakuangukia peke yako.

Siku ya sendofu turubai lilifungwa uwanjani kwetu, wakwe wa kutoka Kyerwa wakapewa viti vya mbele. Kiti cha mama kilipambwa kwa kitambaa cha zambarau. Yule mwanamke wa studio alikaa juu yake, anameta, na mtoto wake anameta. Watu walisifia sana. Nilisikia mama mmoja jirani, aliyemjua mama yangu vizuri na kuteka naye maji, akisema, "Jamani, ni yeye kabisa!" Nilimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Nadhani ndilo lililoniudhi kuliko yote. Sikuwa na shahidi.

Mshereheshaji alimleta mdogo wangu. Alipiga magoti. Kipaza sauti kilimsogelea, akainua macho kwenye picha, akasema, "Shikamoo mama. Nimekuja kukuaga." Sauti yake ilikuwa ya mtoto. Sikuwahi kumsikia akilitamka neno mama akimwelekezea mtu. Hakuwahi kuwa na wa kumwelekezea. Mimi aliniita Dada tangu alipoanza kuongea; nilihakikisha hivyo.

"Sasa dada mkubwa!" mshereheshaji aliita. "Aliyekuwa mama na baba! Asogee amsalimie mama yetu!"

Nikasogea. Mdogo wangu wa kiume akaninong'oneza nilipompita, "Usimtukane." Nilisimama mbele ya kiti. Wakwe wote wananitazama, na mdogo wangu bado yuko magotini, ameinua uso wake kwangu, si kwa picha. Niliona wazi anachoogopa. Kama ningesalimia kwa kejeli, au ningekaa kimya, angebaki na mama wa karatasi mbele ya watu wa Nkwenda, na angeolewa hivyo.

Nilipiga magoti kando yake. Nilisema, "Shikamoo mama," kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma. Kisha nikasema, na hili sikulipanga, "Huyu hapa mtoto wako. Nimemlea nilivyoweza." Vigelegele vikapigwa. Mdogo wangu akanishika mkono, akaubana mpaka kucha zikaniingia. Nilikuwa nimemsalimia mtu wa picha ambaye simtambui, nimempa taarifa ya kazi yangu yote, na sikuwa na njia ya kujua kama salamu imefika.

Asubuhi iliyofuata gari la kutoka Kyerwa lilikuja kumchukua kukiwa bado na ukungu. Picha kubwa ikapakiwa nyuma, imefungwa kwa blanketi, juu ya godoro na sufuria. Mdogo wangu alikuwa tayari ameingia garini, kisha akafungua mlango akashuka.

"Dada, kamera yako ina karatasi?"

"Ina moja tu."

"Nipige."

"Na hii baridi? Utatoka wa bluu. Na mstari unaujua."

"Nipige, bwana, dereva anasubiri."

Alisimama pale alipo, kando ya gari, mtandio haujakaa sawa. Sikuwa na muda wa kumpanga. Nilipobonyeza, shangazi akapiga kelele kutoka nyuma yangu kwamba kikapu cha ndizi kimesahaulika, na mdogo wangu akageuza uso kumwangalia, anacheka. Nilijua papo hapo ametingishika. Kamera ikatema picha, ya kijivu, haina kitu. Nikaishika pembe, nikainua mkono niitie kwapani.

Akanipokonya.

"Inahitaji joto!" nilimwambia. "Usiikunje, usiitie mkobani, usi..."

"Najua, nimelelewa nayo." Alifungua koti lake, akaiingiza ndani kifuani, akafunga vifungo juu yake. "Nitaiangalia nikifika."

"Tuisubiri kwanza hapa. Ni dakika chache tu. Nione imetokaje."

"Dada, tunachelewa."

Gari likaondoka na picha yangu kabla haijawa picha. Nilisimama barabarani kama mjinga. Sijawahi kupiga picha nisiione. Zote zilizoharibika nimeziona, zilizotoka nyeusi tupu nimeziona, hata ile iliyotafunwa na kamera nusu ninayo.

Jioni nilimpigia simu. Nilisikia sauti za wanawake wa huko, sahani, mtoto wa mtu analia.

"Umefika salama?"

"Tumefika. Wanakusalimia."

"Imetokaje?"

"Imetoka."

"Imetoka vipi? Uso unaonekana? Upande gani umetingishika? Ni ya bluu sana?"

Nikasikia anatembea, sauti za watu zikabaki nyuma.

"Hiyo yangu, Dada," alisema.

"Najua ni yako, nauliza tu ilivyo."

"Hiyo yangu. Nimeiweka."

"Basi niambie tu kama mstari umepita usoni."

Alicheka, akaniambia nile, nilale, nisibebe mikungu peke yangu, na salamu kwa shangazi. Akakata.

Nimempigia mara nyingi tangu siku ile, na kila mara tunaongea mambo ya kawaida, mvua, shule anayofundisha, bei ya ndizi, na kila mara namuuliza, na hasemi. Imeniudhi kuliko ninavyoweza kueleza. Kahawa ikiisha nitapanda gari kwenda Nkwenda. Sijui kama atanionyesha.